Kabla hujatoa hela dirishani: mwongozo kamili wa kulipia matibabu bila kupigwa

Miaka sita nimekaa dirisha la keshia kwenye hospitali moja ya binafsi hapa Dar. Nilichokiona pale ni kwamba mtu anayeweza kubishana nusu saa na muuza nyanya kwa ajili ya mia mbili, huyohuyo akifika dirishani kwangu nikamwambia laki na themanini, anatoa simu na kuuliza tu "lipa namba ngapi?" Hajui analipia nini. Nikimsomea, sukari, figo, ini, mkojo, kinyesi, taifodi, anaitikia kwa kichwa kama yuko msibani. Na alikuja na kikohozi.

Simlaumu, maana ukiwa unaumwa au umembeba mtoto anachemka akili ya kuuliza inatoka wapi, afu dokta mwenyewe ana foleni ya watu thelathini nje. Ndo maana maswali inabidi uyajue ukiwa mzima, umekaa nyumbani. Mi siyo dokta, ni mtu wa hesabu, kwa iyo humu sikufundishi kujitibu. Nakufundisha kuuliza. Watu wanadhani wanapigwa kwenye bei, kumbe mara nyingi bei ilikuwa sawa tu, tatizo ni kwamba kile kitu hakikutakiwa kulipiwa kabisa.

Hatua ya kwanza: hii ni dharura au siyo?

Hili ndo la kwanza kwa sababu kama ni dharura, mengine yote humu achana nayo, kimbia hospitali kubwa iliyo karibu hela mtaijadili mbele. Dharura ni mtu anashindwa kupumua, kifua kinabana, amepoteza fahamu, degedege, damu inatoka haikati, mtoto mchanga amegoma kunyonya au amelegea, mtu mdomo umepinda ghafla au mkono mmoja hauna nguvu au anaongea haeleweki. Huyo wa mwisho angalia saa ilikuwa ngapi ilipoanza na umwambie dokta, maana dawa zingine za kiharusi zinategemea muda, na kama mnaweza kuchagua mpelekeni penye siti skani badala ya kuzunguka zahanati tatu huku kila moja ikiwaambia hawana. Mjamzito anayetokwa damu, au kichwa kinamuuma sana na anaona maruweruwe, piga 115, ni bure, ni mpango wa m-mama wa kumsafirisha mama na mtoto mchanga kwenda hospitali.

Kama siyo hivyo, una muda. Hata ukijisikia vibaya, una dakika tano za kuuliza, na hizo dakika tano ndo zenye hela.

Hatua ya pili: anzia ngazi inayokutosha

Mfumo wetu umepangwa kama ngazi, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu za kanda kama Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Benjamin Mkapa Dodoma, na juu kabisa Muhimbili na taasisi za kibingwa, JKCI ya moyo, MOI ya mifupa na ubongo, Ocean Road ya saratani. Kila ukipanda bei inapanda, na foleni inapanda. Mtu ana homa ya siku moja anapanda daladala mbili kwenda hospitali kubwa "kwa sababu kule wana vipimo vyote", wakati kipimo anachohitaji ni tone la damu la kidoleni ambalo zahanati ya mtaani kwake inapima dakika kumi na tano tu.

Homa, kuhara, mafua, kidonda, kuchukua dawa za presha za kila mwezi, kliniki ya mtoto, uzazi wa mpango, hayo yote anzia chini. Huko chini wakishindwa watakupa barua ya rufaa, na hiyo barua ni mali. Ukienda nayo juu unapokelewa kama mgonjwa wa rufaa, bima nyingi zinaitaka, na bingwa anajua umeshafanyiwa nini kwa hiyo haanzi upya. Ukienda bila barua unaanza upya na kulipa upya.

Siri ndogo ambayo watu wa mjini wengi hawaitumii: hospitali nyingi kubwa za serikali zina kliniki za kulipia za haraka, wengine wanaita fasti traki, na zina kliniki za kawaida. Mara nyingi bingwa ni yuleyule. Unacholipia kwenye ile ya haraka ni kukaa kidogo kwenye benchi. Kama una nafasi ya kusubiri asubuhi nzima, subiri. Kama una biashara inayoingiza kuliko tofauti ya bei, lipia. Lakini usilipie ukidhani unanunua akili nyingine. Pia ulizia hospitali ya wilaya yenu kama kuna kambi ya madaktari bingwa inakuja, hizi za kuzunguka wilayani zimekuwa nyingi, na nauli ya kwenda Dar na kulala gesti siku nne huwa inazidi matibabu yenyewe.

Hatua ya tatu: uliza bei yote, siyo bei ya kuingia

Ukipiga simu ukauliza "kumuona dokta bei gani?" utajibiwa elfu kumi na tano, utafurahi, utaenda. Hiyo ni bei ya mlango. Uliza hivi, na uliza mapokezi kabla hawajakufungulia faili:

Kufungua faili na kumuona dokta ni jumla ngapi, na ni daktari wa kawaida au bingwa? Nikitoka kupima nikarudi kwake na majibu nalipa tena? Nikirudi baada ya siku tatu kwa tatizo lilelile nalipa tena, na huo muda wa kurudi bure unaishia siku ya ngapi? (Hili watu hawaliulizi kabisa. Nimepokea hela ya watu waliorudi siku ya nane wakati muda ulikuwa siku saba, na mapokezi hakuna aliyewaambia.) Dawa lazima ninunue humu ndani au naweza kuandikiwa nikanunua nje? Jibu la hilo la mwisho likiwa la kukwepakwepa we jua tu.

Halafu hesabu na vile ambavyo havipo kwenye bili: bodaboda, chakula cha anayemuuguza, siku ya kazi iliyopotea. Zahanati ya serikali ambayo haina dawa na inakuzungusha siku mbili inaweza kukugharimu kuliko ya binafsi ya elfu ishirini, sisemi serikali siku zote ndo rahisi, nasema piga hesabu yote.

Hatua ya nne: vipimo, hapa ndo penye uwanja

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kule kwetu vipimo ndo vilikuwa vinaendesha hospitali, usiku tukifunga hesabu dawa zinafuata nyuma kwa mbali.

Swali moja tu linakutosha, mwambie dokta kwa heshima: "Dokta, hiki kipimo kikitoka vizuri utanipa nini, na kikitoka vibaya utanipa nini?" Kama matibabu ni yaleyale kwa vyovyote vile, hicho kipimo ni cha kuulizwa mara mbili. Daktari mzuri hakasiriki, wengi wanacheka na kukufutia viwili vitatu palepale, nshaona karatasi ya vipimo saba ikirudi dirishani imebaki na viwili kwa swali hilo moja.

Sasa vile vya mtaani kwetu kimoja kimoja.

Malaria. Usinywe dawa ya malaria bila kupima, na usilazimishe dawa ya malaria kama kipimo kimetoka hakuna, homa zina sababu nyingi. Kile kipimo cha haraka cha kidoleni, mRDT, kinatafuta protini ya mdudu, na hiyo protini inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Kwa hiyo umemaliza dozi, wiki ya pili una homa nyingine, unapima mRDT inasema ipo, unaambiwa "imekuwa sugu" na unauziwa sindano za bei. Hapo omba BS, ile ya kuangalia kwa hadubini, ndo itaonyesha kama kuna mdudu mzima.

Taifodi. Ndugu zangu, hii imetulia kwenye nchi hii kama kodi. Kipimo cha Widal kinaangalia askari wa mwili waliowahi kupambana, na kwenye maeneo ambayo ugonjwa upo sana watu wengi wana hao askari kutokana na zamani au hata vijidudu vingine vinavyofanana. Widal moja peke yake haithibitishi taifodi. Kipimo cha uhakika ni kuotesha damu maabara, kinachukua siku na siyo kila sehemu kipo. Kwa hiyo ukiambiwa "una taifodi na UTI" kwa mara ya nne mwaka huu, na kila mara umemeza dozi nzito ya antibayotiki, uliza imeonekana kwa kipimo gani na kama dalili zako kweli zinaendana nayo.

UTI hiyohiyo, kama huna maumivu ya kukojoa, huendi chooni mara kwa mara, huna homa wala mgongo wa chini hauumi, na mkojo umeonyesha "kidogo tu", uliza kama lazima kutibu. Wajawazito ni habari nyingine, wao hutibiwa hata bila dalili, wasinisikilize mimi.

Vidonda vya tumbo. Kipimo cha damu cha H. pylori, yule mdudu wa vidonda vya tumbo, kinaweza kuendelea kusema "yupo" hata miezi mingi baada ya kupona, ni askari walewale. Ukitaka kujua kama dawa imefanya kazi omba cha kinyesi, na uulize umalize dawa muda gani kabla ya kupima maana ukiwahi kinadanganya.

Mgongo. Eksirei na MRI kwa mgongo ulioanza kuuma wiki iliyopita baada ya kubeba gunia, mara nyingi havibadilishi chochote. Ila kama miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, mkojo au haja vinakutoka bila kujua, una homa, unakonda, au ulianguka vibaya, hapo picha inatakiwa na haraka.

Na ile ya kushika kichuma mkononi, mashine inatoa karatasi kumi na mbili zinazosema ini lako limechoka, uti wa mgongo una sumu na nyota yako imefifia, halafu pembeni kuna dada anauza vidonge vya laki tatu vinavyotibu yote hayo. Hicho siyo kipimo. Hakuna mashine inayojua figo zako kwa kushika kichuma.

Mwisho kwenye vipimo, majibu ni yako. Omba karatasi, piga picha kwa simu, picha za siti skani na MRI omba kwenye sidii. Nimelipisha watu eksirei ileile mara mbili ndani ya wiki moja kwa sababu ya kwanza waliiacha hospitali nyingine wakaona aibu kurudi kuiomba.

Hatua ya tano: dawa

Uliza jina halisi la dawa, siyo jina la kwenye boksi. Panadol ni parasetamoli. Kila dawa ina jina lake la asili ambalo limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa la kampuni, na ukilijua hilo unaweza kwenda famasi ukasema "nipe amlodipini ya miligramu tano ya bei nafuu mliyonayo" badala ya kuitaja ile ya boksi la bluu kutoka Ulaya. Zote zimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya serikali, kiambato ni kilekile. Kuna dawa chache ambazo kubadilishabadilisha kampuni kunatakiwa umakini, za kifafa kwa mfano, hizo muulize dokta kwanza, lakini kwa presha, kisukari cha vidonge, maumivu, antibayotiki za kawaida, unaweza kuokoa zaidi ya nusu. Kujua jina kunakusaidia pia usimeze kitu kimoja mara mbili, maana dawa nyingi za mafua ndani zina parasetamoli, we unameza na Panadol juu yake, mtu mzima akizidisha gramu nne kwa siku, yaani vidonge nane vya kawaida vya miligramu 500, ini linaweza kuanza kuumia.

Antibayotiki kwa mafua na kikohozi cha kawaida ni hela ya bure, ni virusi, havisikii. Na usinunue nusu dozi, ile ya "nipe za elfu mbili kwanza". Dawa mseto ya malaria, ALU, kwa mtu mzima ni vidonge ishirini na nne, vinne asubuhi vinne jioni kwa siku tatu, ukimeza kumi ukajisikia vizuri ukamuwekea mdogo wako zilizobaki mmeharibu dozi mbili kwa mpigo.

Sindano. Sisi tunapenda sindano, tunaona kidonge ni dharau. Kuna ile ya unga mweupe ya kuchanganywa na maji, siku tano, kila siku unalipia dawa, maji yake, bomba la sindano na mkono wa nesi. Uliza hivi: "Kuna vidonge vya kazi hiyohiyo?" Kama mtu anakula, hatapiki, na siyo ugonjwa mkali, mara nyingi vipo.

Sasa dripu. Mtu amechoka, anaomba "aongezewe maji". Chupa ya nusu lita ya dekstrosi ya asilimia tano ina sukari gramu 25. Ni kama vijiko sita vya chai! Soda moja ya chupa ina zaidi ya hapo. Ukiwa unaweza kunywa, kunywa. Dripu ni ya asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepoteza maji mengi, au dawa inayopita mshipani. Kwa mtoto anayeharisha lakini anakunywa, tiba ni ORS na zinki, zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekata siku ya tatu. ORS ikikosekana kabisa, maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Macho yakizama, akawa hana nguvu ya kunywa, damu kwenye kinyesi, peleka hospitali.

Duka nalo uliangalie. Famasi na duka la dawa muhimu ni vitu viwili tofauti, hili la dawa muhimu, DLDM, linaruhusiwa orodha fulani tu ya dawa za cheti, siyo zote. Angalia leseni ukutani, tarehe ya kuisha, boksi lisiwe limefunguliwa, na uogope dawa inayouzwa kwenye basi hata kama muuzaji ana kipaza sauti na mifano mingi. Ukiwa na swali la dawa muulize mfamasia, ndo kasomea, na kumuuliza ni bure.

Hatua ya sita: bima, ijue kabla hujaumwa

NHIF, bima ya afya ya taifa, ya mwajiriwa inakatwa asilimia 6 ya mshahara, nusu wewe nusu mwajiri, inabeba mwanachama, mwenza na wategemezi wanne. Wengi nawajua wana watoto watatu na mama mzazi kijijini na hawajamuandikisha mama, wanachangishana kwenye grupu la WhatsApp kila akiumwa. Wakati nafasi ya mtu mmoja ipo! Kaiandikishe kesho.

Kwa asiye na mwajiri, CHF, ile bima ya afya ya jamii, ilipoboreshwa 2018 kaya ya watu 6 mikoani ilikuwa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ambayo ni nauli ya kwenda hospitali mara mbili. Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ambayo inapanga upya vifurushi, kwa hiyo kaulize ofisi ya mtaa au ya NHIF mkoani kwenu kifurushi gani kipo leo, usitegemee alichokwambia shemeji miaka mitatu nyuma.

Za binafsi, kabla hujasaini soma mambo manne: kikomo cha mwaka kwa kulazwa na kwa wa nje ni shilingi ngapi, ugonjwa uliokuwa nao kabla wanaubeba lini, uzazi una muda wa kusubiri wa miezi mingapi, na hospitali gani zimo. Wakala atakuimbia wimbo wa kikomo cha kulazwa cha milioni arobaini, we muulize cha wa nje, maana huko ndo unaenda kila mwezi.

Na jambo ambalo kama keshia limeniudhi sana. Ukiwa na bima usisaini fomu kabla hujasoma kilichoandikwa. Watu wanaona "siyo hela yangu" wanasaini, kumbe kuna vipimo ambavyo hawakupimwa na dawa ambazo hawakupewa, na kwa zile zenye kikomo, hicho kikomo ni chako kinaliwa. Hesabu dawa mkononi, linganisha na fomu, ndo usaini. Dawa ikiwa haipo hospitali uliza fomu ya kwenda kuichukulia kwenye famasi iliyosajiliwa na bima yako kabla hujatoa hela mfukoni.

Hatua ya saba: jua vya bure

Kwa sera ya afya ya 2007, kwenye vituo vya serikali wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 kwenda juu wasio na uwezo wanatibiwa kwa msamaha. Dawa za TB na ARV ni bure. Chanjo za watoto bure. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ya wasichana wa miaka 9 hadi 14 bure, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Uchunguzi wa saratani hiyo, ule wa kupaka siki, upo vituo vingi vya serikali, uulizie kliniki ya uzazi.

Najua, kwenye karatasi ni bure halafu ukifika unaambiwa ununue glavu na bomba la sindano. Ndo hali. Ila kuna tofauti kati ya kununua kitu kilichoisha stoo na kuombwa "ya soda" ili uhudumiwe. Ya pili ni rushwa, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana namba ya bure, 113.

Damu haiuzwi. Ndugu wanaweza kuombwa wachangie damu ili akiba irudi, lakini mtu akikwambia chupa ya damu ni elfu sabini na umpe yeye mkononi, omba risiti uone atakavyopotea.

Na kama mgonjwa wenu kweli hana uwezo, kila hospitali ya serikali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nendeni mapema, siku ya kwanza au ya pili, na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Watu wanaenda siku ya kuruhusiwa, bili imeshafika milioni, afisa naye anashindwa aanzie wapi.

Hatua ya nane: operesheni na kulazwa

Hapa omba makadirio kwa maandishi. Siyo "itakuwa kama milioni mbili hivi". Karatasi yenye chumba cha upasuaji, daktari, mtu wa usingizi, dawa na vifaa, kitanda kwa siku ngapi, vipimo vya baada, na chini iandikwe nini hakimo. Chukua ya hospitali mbili za binafsi na moja ya serikali ulinganishe. Grupu la michango lianzishwe baada ya karatasi hii, siyo kabla, nimeona familia imechanga milioni nne kwa kitu ambacho kilometa tatu mbele ni milioni moja na nusu.

Kama siyo dharura, tafuta daktari wa pili. Usione haya, siyo kumtukana wa kwanza. Mfano wa kina dada: altrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye kizazi, mtu anaambiwa "upasuaji haraka". Uvimbe wa aina ya faibroidi wanao wanawake wengi sana na wengi wao hauwasumbui chochote, kama hutoki damu nyingi, huna maumivu, na huhangaiki kupata mtoto, mara nyingi unafuatiliwa tu. Kwa hiyo uliza: nisipofanyiwa sasa hivi nini kitatokea? Nikisubiri miezi mitatu? Kuna dawa kwanza? Hapa majibu ya vipimo uliyohifadhi yanakulipa, daktari wa pili anaangalia, humlipi kupima tena.

Mgonjwa akishalazwa, mmoja wenu ashike bili. Mmoja tu, mwenye kichwa kilichotulia. Kila baada ya siku mbili aende dirishani aombe mchanganuo, siyo jumla, mchanganuo. Bili zinakosewa, na sisemi kila mara ni wizi, nesi wa zamu ya usiku anaandika kitu, wa asubuhi anakiandika tena, mi mwenyewe nimeingiza glavu boksi mbili kwa mtu aliyelala siku moja. Ukiuliza siku ya pili narekebisha kwa dakika. Ukiuliza siku ya tisa mbele ya geti na gari la kukodi linasubiri, hutauliza, utalipa.

Hatua ya tisa: dawa za "kupona kabisa"

2011 nchi nzima ilikuwa njiani kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kikombe cha Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Mia tano! Lakini nauli, foleni ya siku kadhaa porini, chakula, na kubwa kuliko yote wapo walioacha ARV na dawa za kisukari wakiamini wamepona. Bei ya kikombe haikuwa bei ya safari ile.

Leo kikombe kiko kwenye simu, "kisukari kinapona siku 21, lete elfu tisini". Angalia ishara hizi: kinatibu magonjwa kumi kwa pamoja, ushahidi ni sauti za watu WhatsApp, anakuambia acha za hospitali, na muuzaji anataka na wewe uwe muuzaji. Tiba asili zipo na zina baraza lake la kusajili, ukienda huko muulize mtaalamu usajili wake na usiache dawa za hospitali bila dokta wako kujua.

Kwa presha na sukari hasa, vidonge vya jenerika, vile vya jina la asili, kwa mwezi ni hela ndogo, ila usipovimeza figo zinaweza kufa, na kusafisha figo ni mara mbili tatu kwa wiki, kila wiki. Nilikuwa nawapokea wale wa kusafisha, nawajua kwa majina, na wengi waliniambia walikuwa wana presha miaka na walimeza dawa pale tu kichwa kilipouma. Kama uko nyumba yenye mtu wa presha changeni mnunue mashine ya kupimia ya mkono wa juu, siyo ya kifundo cha mkono, na muandike namba kwenye daftari.

Ukiona umeonewa

Omba risiti kila mara, kwa serikali malipo yanatoka na kontrolo namba, hela ya mkononi bila kontrolo namba haijaingia popote. Anza na msimamizi wa hospitali, halafu mganga mkuu wa wilaya, na kama ni mwenendo wa daktari kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, kama ni dawa mbaya TMDA, kama ni fomu ya bima iliyojazwa uongo nenda ofisi ya bima yenyewe. Bila karatasi hakuna atakayekusikiliza.

Mi za mama yangu naziweka kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati: majibu yote kwa tarehe, cheti cha mwisho cha dawa zikiwa na majina ya asili, dawa iliyowahi kumfanya avimbe midomo, kundi la damu, kopi ya kadi ya bima, na risiti. Mdogo wangu ana picha ya kila karatasi kwenye simu yake. Mwaka jana alianguka usiku mi nikiwa Mbeya, daktari wa zamu alisoma zile picha, akafuta vipimo vitatu na kuuliza mbona kidonge kimoja kimesimamishwa tangu mwezi wa nne. Ilikuwa imeisha kijijini na mama hakutaka kutusumbua.